Kuokota dalili si kupeleleza

Bwana Mhariri,

Katika toleo lenu la juma lililopita mlichapisha makala inayowahimiza wazazi wa Lubumbashi wawaruhusu watoto wao kucheza michezo ya video ya upelelezi, kwa sababu, kama alivyoandika mwandishi wenu, michezo ya aina hiyo humfundisha mtoto kufikiri. Nimefurahi kuona gazeti la Kiswahili likiyapa mambo haya nafasi ya heshima, badala ya kuyalaani tu kama tunavyosikia katika mikutano ya wazazi kila mwanzo wa mwaka wa shule. Lakini siwezi kukubali kwamba michezo hiyo yote inastahili sifa hiyo. Mingi miongoni mwa ile inayojulikana zaidi humfanya mchezaji atembee, atazame na abonyeze, kisha mchezo wenyewe ndio unaofikiri kwa niaba yake. Naomba nafasi nieleze kwa nini nasema hivyo, na ni ipi ninayoiona kuwa tofauti.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari huku Katuba. Jumamosi alasiri, umeme ukiwapo, wanafunzi wa madarasa ya juu hukusanyika kwenye chumba kimoja cha shule, tukiwa na kompyuta iliyounganishwa na televisheni, na prefe wetu, yaani mkuu wa shule, ameturuhusu kwa sharti kwamba tusicheze mpira wala vita. Ndivyo tulivyoingia katika michezo ya upelelezi. Sikuwa na mpango wa kuichambua, ila mwalimu wa hesabu akikaa nyuma ya darasa haachi kutazama jinsi watoto wanavyofikia jibu, na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kuna kazi mbili ndani ya michezo hii ambazo watu huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kuipata dalili: kisu chini ya kitanda, barua iliyochanika, saa iliyosimama. Ya pili ni kusema dalili hiyo inathibitisha nini, na haithibitishi nini. Mtengenezaji wa mchezo akikazania ya kwanza na kuipuuza ya pili, anatupatia mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa, hata akimvika mchezaji koti refu na kofia.

Tazameni Batman: Arkham Asylum, ambao ulitoka mwaka 2009. Mchezaji akibonyeza kitufe kimoja, dunia yote hubadilika rangi, na kile kinachostahili kuangaliwa kinang'aa. Harufu ya pombe au ya tumbaku aliyoiacha mtu hewani inageuzwa kuwa njia inayoonekana, na mchezaji anaifuata hadi mwisho. Kama burudani sina neno dhidi yake. Lakini mtoto aliyefuata mng'ao kutoka mlango hadi mlango hakuchagua lolote, wala hakupata nafasi ya kukosea. Ameokota tu, kama anayepita chini ya mwembe baada ya upepo wa usiku.

L.A. Noire, ambao Team Bondi ya Australia iliutengeneza na Rockstar ikautoa mwaka 2011, unahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu uliahidi mengi na una uzuri wa kweli. Tuko Los Angeles ya mwaka 1947, na mchezaji ni polisi anayeitwa Cole Phelps. Nyuso za waigizaji zilirekodiwa kwa kamera nyingi kwa pamoja, ili mchezaji amtazame shahidi machoni na kupima kama anasema kweli. Wanafunzi wangu hunyamaza kabisa wakati wa mahojiano, na kunyamaza huko kwa vijana wa umri wao si jambo dogo. Hata hivyo, mchezo huo haumwamini mchezaji. Anapokaribia kitu muhimu, sauti inalia na maneti, yaani kifaa cha kuchezea, inatetemeka mkononi. Dalili zote za mahali hapo zikishapatikana, muziki unakoma, na mchezaji anajua kwamba hakuna tena cha kutafuta. Hakuna mpelelezi duniani anayepewa habari hiyo. Sehemu ngumu kabisa ya kazi yake ni kutojua kama ameona vya kutosha. Ni kweli kwamba misaada hiyo inaweza kuzimwa kwenye mipangilio, lakini watoto hawaizimi, kwa kuwa mchezo unaanza nayo ikiwa imewashwa.

Halafu linakuja suala la mahojiano. Baada ya kila jibu la shahidi mchezaji alitakiwa kuchagua moja kati ya mambo matatu: kwamba anasema kweli, kwamba anamtilia shaka, au kwamba anadanganya, na akisema anadanganya sharti atoe ushahidi. Wazo hilo ni zuri mno. Linamfundisha mtoto kwamba kumwita mtu mwongo bila kitu mkononi ni jambo zito. Lakini mara tu anapochagua, noti chache za muziki zinamwambia kama amepatia au amekosea, na basi kichwa chake hakifanyi tena kazi ya kupima, kinasubiri muziki. Zaidi ya hayo, mchezaji akichagua shaka akidhani atauliza kwa upole, Phelps huweza kumkaripia mjane aliyefiwa asubuhi ile. Mchezaji alikuwa na hoja yake, mhusika akasema nyingine.

Kinachonisikitisha zaidi ni sehemu ya kitengo cha mauaji, na asiyependa kuambiwa mwisho wa hadithi aruke aya hii. Kesi baada ya kesi, wanawake wanauawa kwa namna inayofanana, na mchezaji mwenye macho anaanza kuona kwamba mkono ni mmoja. Mchezo unamlazimisha kila mara kumfungulia mashtaka mtu mwingine, mume huyu, mpenzi yule, na baadaye kabisa ndipo unakiri kwamba muuaji alikuwa mmoja na hakuwa miongoni mwao. Waandishi walitaka kutuonyesha polisi inayofunga kesi haraka ili wakubwa wafurahi, na nia hiyo naielewa; sisi pia tunajua uzito wa mtu kukaa ndani kwa kosa la mwingine. Lakini katika mchezo unaodai kuwa wa kupeleleza, mwanafunzi aliyefikiri vizuri kuliko wenzake ndiye anayeadhibiwa: ameliona jambo, na hakuna kitufe cha kulisema. Mmoja wa wavulana wangu, mwenye akili ya haraka, aliweka maneti mezani akasema, "Prof, sasa tunatafuta nini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Ace Attorney ya Kijapani, ambayo Shu Takumi aliiandika kwa kampuni ya Capcom na ikatoka mwaka 2001, ina ugonjwa huohuo katika hali nyepesi. Mchezaji ni avoka, yaani wakili, anayesikiliza ushahidi sentensi kwa sentensi, na anapoona sentensi inayopingana na kitu alicho nacho, anakionyesha. Kama zoezi la kutafuta ukinzani sijaona lililo bora kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Ila mara nyingi mtoto amekwisha kumjua mhalifu mapema, na inambidi ajaribu kukisia ni katika sentensi gani na kwa kielelezo gani mwandishi alitaka alisemee.

Sasa niseme kuhusu mchezo ulionifanya niandike barua hii. Return of the Obra Dinn ulitolewa mwaka 2018 na Lucas Pope, ambaye aliutengeneza karibu peke yake kwa miaka zaidi ya minne. Ni mwaka 1807. Meli ya biashara iliyodhaniwa kuwa imepotea baharini inarudi Uingereza bila mtu hai ndani yake, na mchezaji ni mkaguzi wa bima wa Kampuni ya East India anayepaswa kueleza yaliyowapata watu 60 waliokuwamo. Ana saa ya mfukoni ambayo, mbele ya mabaki ya maiti, humpeleka kwenye dakika ileile ya kifo: kwanza anasikia sauti gizani, kisha anaona kila kitu kimeganda, risasi ikiwa hewani na mdomo ukiwa wazi. Ana pia kitabu chenye orodha ya majina, kazi na nchi za asili, ramani ya meli, na michoro ya watu wote. Kwa kila uso anapaswa kuandika jina, namna mtu huyo alivyoishia, na kama aliuawa, aliyemuua.

Hakuna kinachong'aa katika picha zile. Kila kitu kimechorwa kwa rangi mbili tu, na kila kitu kina uzito sawa mpaka mchezaji mwenyewe akipe uzito. Mtu anatambuliwa kwa sababu amevaa vazi la kazi fulani, au husimama daima karibu na mtu fulani, au mwingine amemwita kwa cheo chake sekunde moja kabla ya kufa. Jumamosi moja tulikuwa kwenye chumba cha mabaharia, ambamo wengi wamelala katika vitanda vya turubai vinavyoning'inia. Wavulana walikuwa wakibishana juu ya sura, nani anafanana na Mrusi na nani anafanana na Mhindi, hoja ambazo sikuzipenda. Msichana mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akasema kwamba vitanda vina namba, na kwamba majina katika orodha pia yana namba. Chumba kizima kilipiga kelele. Nilingoja kelele zitulie, kisha nikamwuliza: na kama mtu huyo amelala kwenye kitanda cha mwenzake? Akafikiri, akaomba turudi kwenye tukio jingine tuone kama mtu yuleyule anaonekana akifanya kazi inayolingana na jina lile. Tukarudi. Hicho ndicho ninachokiita kupeleleza. Alikuwa na dalili nzuri mkononi, naye akakataa kuiita uthibitisho kabla ya kuipima kwa nyingine isiyotegemea ya kwanza. Ningependa kuliona jambo hilo katika parketi zetu, yaani ofisi za waendesha mashtaka, kama ninavyolitaka kwenye daftari la jometri.

Lakini uhodari mkubwa wa mchezo huo uko katika jinsi unavyosahihisha. Hausemi jibu moja moja. Hunyamaza mpaka mchezaji awe ameandika sawasawa habari za watu watatu, ndipo huzithibitisha zote tatu kwa pamoja. Naomba wasomaji wanivumilie nihesabu kidogo. Kama mtu angebahatisha majina ya nyuso tatu kutoka orodha ya majina 60, kuna mipangilio 60 × 59 × 58, yaani 205,320, na hapo hatujagusa sababu ya kifo wala muuaji. Kubahatisha hakulipi. Mchezaji analazimika kushika hoja ambayo hajaambiwa kama ni sahihi, akaendelea kuitegemea, akaitilia shaka, akairekebisha. Kukaa na shaka bila kukimbilia jibu ni tabia ambayo nimejaribu kuifundisha kwa chaki kwa muda mrefu, na wanafunzi walioikataa kwangu wameipokea mle.

Uko ufa mmoja, na wanafunzi waliugundua kabla yangu. Ukiwa na uhakika na watu wawili ambao mchezo haujawathibitisha, unaweza kuwaacha hapo kama chambo, kisha ukambadilishia mtu wa tatu majina moja baada ya jingine hadi mchezo ukubali. Ukiwa unajua alivyokufa, majaribio hayazidi 58. Ndiyo maana nimeweka kanuni: hakuna anayeandika jina kitabuni kabla ya kutamka sababu zake mbele ya wenzake, na mmoja ameteuliwa kuzipinga. Programu husahihisha jibu. Haiwezi kuona njia, na katika somo langu jibu lisilo na njia halipati alama zote.

Nasisitiza hili kwa sababu ya mahali tulipo. Vijana wetu wanajiandaa kwa Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, ambao sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua jibu kati ya kadhaa yaliyotolewa. Nawaona wakijifunza kufuta majibu yasiyowezekana na kubahatisha kati ya yanayobaki, na siwalaumu, kwa maana mtihani wenyewe ndio unaowafundisha hivyo. Mchezo wa upelelezi unaotoa machaguo matatu na kulia mara moja unapopatia unaendeleza tabia hiyohiyo baada ya saa za shule. Mzazi aliyesoma makala yenu akanunua mchezo kama huo akidhani anamsaidia mwanawe, atakuwa ameongeza kile ambacho mwanawe tayari anacho kwa wingi.

The Case of the Golden Idol wa mwaka 2022, kazi ya ndugu wawili wa Latvia, Andrejs na Ernests Klavins, naupendekeza kwa wanaoanza. Unatazama tukio lililoganda, unabofya na kukusanya maneno, yaani majina, vitu na vitendo, kisha unajaza mapengo ya maelezo yanayosema nani alimfanya nani nini na kwa sababu gani. Ukusanyaji umerahisishwa makusudi, ili jasho lote litoke kwenye kujaza. Una udhaifu wake: makosa yakibaki mawili au pungufu, unakuambia hivyo, na hapo vidole huanza kujaribujaribu. Bado ni shule nzuri ya kusoma kwa makini.

Mwalimu mwenzangu wa historia ana mchezo wake anaoutetea, Pentiment wa kampuni ya Obsidian, uliotoka pia mwaka 2022. Uko Bavaria katika karne ya 16. Mtu anauawa, mchoraji kijana anapaswa kumtaja mkosaji, muda hautoshi kufuata kila fununu, na mchezo hautamki kamwe ni nani hasa aliyeua. Mtu anahukumiwa kwa neno la mchezaji, na kijiji kinaishi na hukumu hiyo miaka mingi baadaye. Mwenzangu husema ndivyo historia ilivyo, hakuna anayekuja mwishoni na majibu. Her Story wa Sam Barlow, wa mwaka 2015, uko upande wake pia: mchezaji anaandika maneno kwenye hifadhi ya video za mahojiano ya polisi ya mwaka 1994, anaonyeshwa tano za kwanza tu kati ya zile ambamo neno hilo limetamkwa, na inambidi abuni neno bora la kuuliza. Nakubali kwamba kujua la kuuliza ni nusu ya upelelezi. Lakini kwa mwanafunzi anayeanza, mchezo usiosahihisha lolote humwacha mvivu na mwenye bidii wakiwa wameridhika sawasawa, kila mmoja na hadithi yake. Tumebishana sana juu ya hili katika chumba cha walimu, na sijabadilika: kwanza ajue kwamba kuna kukosea, ndipo apewe kesi isiyo na jibu. Tena Her Story ulitolewa kwa Kiingereza, na kwa vijana wanaosoma kwa Kifaransa na kuzungumza Kiswahili, kukwama kwa sababu ya msamiati si kukwama kwa sababu ya hoja.

Kuhusu sale za michezo za mjini, yaani kumbi za kucheza kwa kulipia, nina machache. Wenye sale hulipwa kwa saa au nusu saa, na mchezo unaomtaka mtu akae dakika ishirini akitazama picha moja iliyosimama hauwezi kushindana hapo na mpira. Nafasi ya michezo hii ni nyumbani, shuleni, parokiani, mahali ambapo hakuna anayetazama saa.

Ningependa kuwageukia vijana wanaojifunza kuandika programu hapa mjini, ambao nasikia wakilalamika kwamba hawana mashine za kutengeneza picha kama za Wamarekani. Obra Dinn ina rangi mbili. Mwaka 1982 kampuni ya Infocom ilitoa Deadline, mchezo wa upelelezi usio na picha hata moja. Ulikuwa maandishi matupu kwenye skrini, mchezaji akiwa na saa kumi na mbili za ndani ya mchezo kumpata muuaji, na ndani ya sanduku zilikuwamo karatasi halisi za mahojiano na ripoti ya maabara za kushika mkononi. Kesi ya namna hiyo inaweza kuandikwa Lubumbashi, na itatokea katika nyumba na soko tunalolijua, ambamo mtoto anajua bila kuelezwa kwamba jirani asiyekuja matangani ana jambo, au kwamba mtu hasafiri Likasi akiwa na funguo za duka la mwingine mfukoni. Kinachogharimu ni kuzipanga dalili ili zitoshe bila kujitangaza, na hiyo ni kazi ya kalamu na muda.

Ndiyo maana nina ombi kwa gazeti lenu, Bwana Mhariri. Mna ukurasa wa mwisho wa juma wenye mafumbo ya maneno. Tengeni robo yake kwa kesi fupi ya kubuni, yenye maelezo ya mashahidi watatu au wanne na mchoro wa mahali, wala msichapishe jibu siku hiyohiyo chini ya ukurasa likiwa limegeuzwa juu chini. Wasomaji watume majina pamoja na sababu zao, na juma linalofuata mchapishe sababu bora zaidi, hata kama aliyezitoa amemkosa mhalifu. Wanafunzi wangu wamekwisha kuandika kesi ya kwanza, ya mfuko wa mahindi uliopotea kwenye ghala lenye mlango mmoja, na nimeiambatanisha na barua hii.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa hesabu, Katuba, Lubumbashi